Mwairishi Asiye Mkatoliki

Kwa Honorata Wairimu, Mwairishi alikuwa padri, na kama si padri basi sista. Wa namna nyingine hakuwahi kumwona. Padri aliyembatiza kule Molo alikuwa Mwairishi. Masista waliomfundisha kusoma na kushona walikuwa Wairishi. Na Padri Gregori, ambaye mwaka 1992 alisimama kwenye mlango wa kanisa na mkongojo wake akawaambia vijana wenye pinde na mishale kwamba humu hamuingii, naye alitoka huko huko. Mtu akishakuokoa hivyo, unalipenda taifa lake zima bila kulikagua. Basi ofisi iliyokuwa ikimtafutia kazi ilipompigia simu mwishoni mwa 1997, ikasema kuna mzee wa Ireland pale Falls Church aliyefiwa na mke na anataka mtu wa kumtunza mchana, Honorata alikubali kabla hawajamaliza kutaja mtaa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Honorata hakuuliza.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Sasa aliishi Marekani, mtaa wa Wheaton, karibu na stesheni ya Metro, yeye na mwanawe Peterson, pamoja na Spéciose, Mrundi aliyefanya kazi kama yake. Kila asubuhi alipanda treni hadi katikati ya jiji, akabadilisha, akavuka mto kuingia Virginia, kisha akamalizia kwa basi la Route 7. Safari ilikula saa moja na nusu na hakuilalamikia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya kusali. Mkobani alibeba chupa ya chai na misale, kitabu chake cha sala chenye jalada jeusi, na ndani ya misale karatasi mbili. Moja ilikuwa hati ya shamba lake la Molo, ekari tatu. Ya pili ilikuwa barua ambayo hakuwa ameijibu.

Barua ilifika Januari 1998, wiki ile ile ambayo ndugu yake Kuria alipiga simu kutoka Njoro akisema nyumba zinaungua tena. Ilikuwa fupi. "Mama Peterson, salamu. Kaburi la mzee wako liko, sijalilima. Mimi sasa ni mgonjwa na vijana wangu wana haraka na ardhi. Nataka tuongee juu ya shamba kabla sijaenda. Nijibu, hata kama ni maneno mawili. Ni mimi Mutai, jirani."

Jirani! Neno hilo lilimchoma kuliko mengine yote. Mutai alipakana nao ua kwa ua kwa miaka kumi na minane. Wao Wakikuyu, yeye Mkalenjin, na wakati huo hakuna aliyejali. Walikopeshana jembe na chumvi, na Silvanus, mume wa Honorata, ndiye aliyemsaidia Mutai kuezeka nyumba. Kisha ikaja ile alasiri ya Aprili 1992. Waliposikia kelele kutoka bondeni walikimbilia barabarani, na Silvanus akarudi mbio kumfungua ng'ombe. Honorata aligeuka kumtazama. Akamwona Mutai amesimama kwenye ua, mikono nyuma. Alikuwa ameshika nini? Alikuwa amekuja kusaidia, au alikuwa anawaonyesha njia? Silvanus hakutoka tena, na siku mbili baadaye Padri Gregori aliwaletea habari kwamba amekuta ameshazikwa pale pale shambani. Kwa miaka sita Honorata aliiuliza ile mikono, na mikono haikujibu. Na sasa mwenye mikono anataka kununua mifupa ya mume wake! Akaisokomeza barua ndani ya misale, na huko ikakaa.

Mzee wake wa Falls Church aliitwa Bwana Irvine, fundi mstaafu wa mabomba ya maji, mrefu, masikio makubwa, moyo umechoka. Siku ya kwanza alimuuliza jina, akalisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Ahaa." Hakuwa msemaji. Binti yake, Rosemary, alifanya kazi ofisini kule Fairfax na alikuja jioni. Ukutani hapakuwa na msalaba wala picha ya Bikira Maria, na Honorata alidhani ni uzembe wa wanaume wanaoishi peke yao.

Februari mzee alirudishwa kutoka hospitali, na daktari akasema zimebaki siku, au miezi, nani ajuaye. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, pumzi zake zilianza kuruka. Moja, kimya, moja. Honorata alimpigia Rosemary, akakosa. Akampigia nesi, ambaye alisema yuko njiani. Basi akafanya ambalo kila mwanamke wa parokia yake angelifanya: akatafuta namba ya kanisa Katoliki la karibu, akaomba padri wa kuja kumpaka mgonjwa mafuta.

"Ni Mkatoliki?" padri aliuliza kwenye simu.

"Father," alisema Honorata, akikaribia kukasirika, "nimekwambia ni Mwairishi."

Padri alicheka, akaja. Naye alikuwa mzee wa huko huko, mwenye kuongea kama anayeimba. Alivaa stola shingoni, akafungua kichupa cha mafuta, akainama. Kidole kilipogusa paji la uso, Bwana Irvine alifumbua macho. Aliona kola nyeupe. Akasikia lafudhi. Akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, mtu ambaye asubuhi hakuweza kushika kijiko, akasema, "Mmenifuata mpaka huku?"

Padri alirudi nyuma hatua moja. Alikisoma kibandiko cha jina kwenye chupa ya dawa, na uso wake ukabadilika. Akauliza taratibu, "Irvine wa wapi?" Mzee akataja mahali. Padri akataja mahali pake, na kumbe ni upande wa pili wa mlima ule ule, mwendo wa baiskeli. Wakatazamana watu wawili waliovuka bahari nzima, na hakuna aliyempa mwenzake mkono.

"Nisamehe, Bwana Irvine," padri alisema. "Naondoka."

Honorata alibaki kwenye kona ameshika kitambaa, aibu imemjaa. Alijua kazi imekwisha. Jioni alipomsimulia Spéciose, huyo alijipiga paja. "Mama Peterson, weye! Uliita padiri kwa protestant? Mon Dieu, watakufukuza kesho!" Akacheka mpaka akaketi chini, na Honorata naye akacheka kidogo, halafu akalia.

Hakufukuzwa. Asubuhi alimkuta mzee ameegemezwa mito, amenyolewa na binti yake, anamngoja.

"Mimi nilikujua siku ya kwanza," alimwambia. "Honorata. Jina hilo halijapata kuingia katika kanisa letu."

"Kwa nini hukunikataa?"

"Niliwaza, Mkatoliki wa Afrika ni kitu kingine. Hana ugomvi na mimi. Kwenu mnamjuaje mtu?"

"Kwa jina la mwisho," Honorata alijibu upesi, bila kufikiri. Kisha akafikiri. Mwaka 1992 barabarani walikuwa wakiuliza vitambulisho, na hawakuwa wakitafuta picha.

Tangu siku hiyo mzee akafunguka. Alisimulia vipande vipande, kati ya dawa ya asubuhi na supu ya mchana, wiki baada ya wiki, na kila mara alianza na ardhi.

"Wanasema ni vita vya dini," alisema. "Dini ni ua. Kilichomo ndani ya ua ni shamba. Miaka ya 1600 mwanzoni mfalme wa Uingereza aliwashinda machifu wa Kiairishi, wakakimbia ng'ambo. Ardhi yao akaikata vipande akawagawia watu kutoka Uskoti na Uingereza, Waprotestanti, watu wake. Babu zangu ni hao. Walipewa bonde. Waliokuwa bondeni wakasukumwa mlimani, wao na Ukatoliki wao. Tangu hapo, ukitaka kujua mtu kwetu anasali wapi, hesabu mawe yaliyo shambani kwake."

Akaeleza kwamba mwaka 1641 watu wa mlimani waliteremka na kuwaua watu wa bonde, kisha watu wa bonde wakaletewa majeshi na kuwaua watu wa mlimani, wengi zaidi. Mwaka 1690 wafalme wawili, mmoja Mkatoliki na mmoja Mprotestanti, walipigania kiti kimoja kando ya mto, na Mprotestanti akashinda. "Na mpaka leo tunaandamana na ngoma kila Julai, wasije wakasahau."

"Halafu?"

"Halafu tukatunga sheria. Mkatoliki asinunue ardhi."

"Mliwanyang'anya, halafu mkawakataza kununua?"

"Sikuwepo," alisema mzee kwa ukali. Akaongeza, "Miaka sabini na kitu sheria ile ilidumu." Kisha akaeleza jinsi mwaka 1921 kisiwa kilivyokatwa sehemu mbili, na mpaka ukapita nyuma ya zizi lao la ng'ombe. Waliotaka mpaka uondoke na waliotaka ubaki wakaendelea kukopeshana trekta, mpaka bunduki zilipoanza tena.

Kaka yake aliuawa mwaka 1974, akiwapelekea ng'ombe nyasi. Waliompiga risasi walijua saa na walijua lango. Kikulacho ki nguoni mwako. Jirani yao Mkatoliki, mtu waliyevuna naye tangu utotoni, alikuja mazishini lakini hakuingia kanisani. Wakatoliki wa zamani kule hawakuingia kanisa la Waprotestanti. Walisimama nje ukutani, kofia mkononi, ibada nzima, kwenye mvua. Bwana Irvine alimwona dirishani.

"Nilitaka kuona macho yake," alisema. "Alikuwa ameinamisha kichwa. Ni huzuni, au ni haya? Sijui hadi leo. Mwaka uliofuata nikaondoka. Familia yake inalikodi shamba letu, na kila mwaka wanaandika kuniomba niwauzie. Sijajibu hata barua moja. Kwetu shamba halivuki ua."

Honorata alikuwa akimpaka mafuta miguuni, na mikono yake ikasimama. Alijua tangu mwanzo kwamba hadithi hii inamhusu, ila alikuwa ameketi upande usio wake. Alipoanza kusikiliza, moyo wake ulikuwa mlimani, kwa walionyang'anywa. Babu yake mzaa baba si alifukuzwa na walowezi wa Kizungu akageuzwa kibarua? Lakini ekari tatu za Molo baba yake alizinunua mwaka 1967, baada ya Mzungu kuondoka. Alizinunua kihalali, kwa jasho. Na Mutai alikuwa akisema, zamani walipokuwa wakicheka pamoja, kwamba babu yake alichunga mbuzi kwenye mteremko ule kabla hajaja Mzungu yeyote. Kwa Mutai, basi, Honorata alikuwa nani? Alikuwa mtu wa bondeni. Alikuwa Irvine.

Alimsimulia mzee, na mzee akasikiliza yote.

"Sasa wewe utamjibu huyo Mutai?"

"Wewe utawajibu?"

"Kamwe."

"Basi na mimi bado," alisema Honorata, na wakanywa chai. Mungu anisamehe nikisema kwamba siku hiyo walipendana zaidi kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Hawakuwa na mtu mwingine wa kuwaelewa. Mzee akamfundisha majina ya makonde ya shamba lake, moja moja, Konde la Kisima, Konde la Mjane, Konde la Miba Miwili, na yeye akayarudia mpaka akayashika, maana Rosemary hakuwahi kuyataka.

Aprili huko kwao Bwana Irvine viongozi walitia saini mkataba wa amani, na Mei watu wakaupigia kura. Mzee alisema angekuwepo angepiga hapana.

Ikaja Agosti. Tarehe saba bomu lililipuka Nairobi, na Honorata akasimama mbele ya televisheni na mkoba begani, akitazama jengo ambalo aliwahi kupita kando yake akienda kutafuta viza. Simu za nyumbani hazikushika. Bwana Irvine alijikokota hadi jikoni, akamtengenezea chai, nusu ikamwagika. Siku nane baadaye bomu lingine lililipuka Omagh, mji ambako baba yake Bwana Irvine alikuwa akiuza ng'ombe. Safari hii Honorata ndiye aliyetengeneza chai. Majina ya waliokufa yalipoanza kusomwa, mzee aliinua kidole kwa kila moja, kama kawaida ya watu wa kwao, huyu wetu, huyu wao. Katikati akachoka kuhesabu, akakiteremsha kidole, akalia waziwazi kama mtoto.

Honorata alifikiri sasa atalegea. Hakulegea. Septemba, siku zilipokwisha kabisa, alimwita Rosemary, akamwambia mbele ya Honorata, "Niahidi hutawauzia."

"Baba, hata sijui ni shamba lipi."

"Niahidi."

Rosemary aliahidi, huku akimtazama Honorata kwa macho ya mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua una nini. Bwana Irvine alifariki kesho yake saa tano asubuhi. Mkono wa Honorata uliingia mfukoni wenyewe, ukaikuta rozari, ukairudisha. Badala yake alichukua Biblia ya mzee akasoma zaburi ya mchungaji, ambayo haina ua. Kisha akamuosha, akamchana nywele, akamfunga vifungo vya shati mpaka shingoni kama alivyopenda.

Kwenye treni ya kurudi hakusali. Aliwaza juu ya Rosemary, na kutoka kwa Rosemary akafika kwa Peterson. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Jioni ile alimwekea hati ya shamba mezani, akamwambia, "Hapa ndipo alipolala baba yako."

Peterson aliitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama kitu cha wageni. "Mum, I don't even remember the place," alisema. "Sorry."

Honorata akavuta karatasi. Maneno mawili, Mutai aliomba. Yeye aliandika kurasa tatu. Aliandika kwamba amesoma barua, kwamba amechelewa, kwamba ana swali moja la zamani na angetaka alijibu mwenyewe. Kuhusu shamba, na waongee. Kaburi tu asiliguse. Asubuhi aliituma kwa Kuria aipeleke kwa mkono.

Jibu la Kuria lilifika mwishoni mwa Oktoba.

"Dada, nilienda. Mutai alifariki mwezi wa sita. Mama wa vijana wake alinipokea vizuri, akanipa maziwa. Anasema mzee ndiye aliyemzika Silvanus, yeye peke yake, na wenzake wakamtukana kwa hilo. Akalizungushia kaburi ukuta wa mawe, na kila msimu ng'ombe wa kulima wakifika pale yeye mwenyewe anawazungusha. Alitaka umpe ruhusa lile kaburi liandikwe kwenye karatasi ya kugawa shamba, libaki nje, lisiwe la kijana yeyote. Ndiyo maongezi aliyotaka. Alikuwa akituma mtu posta kila Ijumaa. Alipokufa vijana walingoja miezi miwili kwa heshima yake. Jibu halikuja. Mwezi wa nane wakagawana, wakalima. Nimepaona, dada. Ni viazi. Mawe wamejengea zizi. Nilijaribu kukisia mahali penyewe, nikashindwa."

Alisoma akiwa amesimama jikoni, koti mwilini. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye alikuwa amengoja akidhani anamlinda Silvanus. Hati ya shamba ilikuwa bado ndani ya misale, nzima, namba yake na mhuri wake, ekari tatu. Miaka yote ile mlinzi wa kaburi alikuwa mtu mmoja tu, na jina lake la mwisho lilikuwa Mutai. Na siku ile kwenye ua alikuwa ameshika nini, hakubaki wa kuulizwa. Honorata aliketi sakafuni. Spéciose alipotoka bafuni akamkuta hapo, akaketi karibu naye.

Simu ililia kama saa moja jioni. Alikuwa Rosemary, sauti imekauka.

"Honorata, pole kukusumbua. Wameandika tena, wale majirani. Ni mtoto wa yule mzee. Anataka kununua, na anauliza kama naweza kumwambia baba alikuwa akiyaitaje makonde, kwa sababu baba yake pia alikuwa akiyataja na amesahau. Mimi niliahidi nisiuze. Na majina siyajui. Nimeiweka barua kwenye droo, sijui niandike nini."

"Chukua kalamu," alisema Honorata.

Akamtajia. Konde la Kisima, Konde la Mjane, Konde la Miba Miwili, na mengine manne, polepole, akingoja kila moja liandikwe. Hakuwahi kuliona hata moja, na aliyajua yote. La kwake lililolimwa halikuwa na jina.

"Na kuuza?" Rosemary aliuliza. "Niwaambie nini?"

"Ukitaka waambie ndiyo, ukitaka waambie hapana. Hiyo ni yako na baba yako." Alipangusa uso kwa kiganja, barua ya Kuria ikiwa bado mkononi. "Lakini wajibu, mama. Wajibu leo."